Kabla hujalivuta tela kuja Mikindani

Mikindani, Mtwara
14 Juni 2025

Kwa somo yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza watoto wamefikia kimo gani. Kusi limeshaanza, asubuhi kuna ubaridi, na vijijini watu wamo kwenye kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Ndiyo maana jibu limechelewa: wiki 2 hizi nimekuwa barabarani na tela langu, Nanyamba na kurudi.

Barua yako nimeisoma mara 3. Nimefurahi mno kwamba umelipata hilo tela la kulala, lenye vitanda na jiko lake, na kwamba likizo hii mnakuja nyote. Lakini kuna maneno yako yameninyima raha. Umeandika kwamba tela limekaa uani Kigamboni miaka 6 bila kutembea, na matairi meno yake yote bado yapo. Wewe umeyaandika kama sifa. Mimi ndiyo yaliyonitia hofu. Tafadhali usilitoe hapo mpaka magurudumu yafunguliwe.

Tela haliharibiki kwa kutembea tu, linaharibika zaidi kwa kusimama. Gari la kila siku beringi zake, vile vyuma vya ndani ambavyo gurudumu linazungukia, zinazunguka, grisi inasambaa, chuma hakipati nafasi ya kukauka. Tela likisimama, grisi inashuka chini taratibu, sehemu ya juu inabaki tupu, na unyevu wa bahari unaingia. Nimewahi kuifungua beringi ya tela lililosimama hivyo. Nilipokifuta kile kikombe chake cha chuma, nikaona mistari ya kutu imejipanga kwa nafasi sawasawa: kila kichuma cha kuzunguka kilikuwa kimeacha alama pale kilipolalia. Kwa nje gurudumu lile lilikuwa linazunguka vizuri kabisa. Beringi ya namna hiyo haina dawa, inatupwa pamoja na kikombe chake.

Unakumbuka mwaka 2019 nilikuandikia kwamba nimepata ajali ndogo nikitoka Lindi na chumvi? Sikukueleza yote. Siku ile nilikuwa nimetoka gereji asubuhi. Kijana aliyenihudumia alipaka grisi mpya, kisha akaikaza nati ya kati inayozishika beringi kwa spana ndefu mpaka mwisho wa nguvu zake, kama anavyokaza nati za rimu. Beringi hazitaki hivyo. Zikibanwa zinakosa nafasi ya kupumua, zinapata moto, grisi inayeyuka na kumwagika, halafu chuma kinasaga chuma. Nilipopita Mingoyo nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori lililokuwa mbele. Hilo ndilo tatizo la tela, somo: gurudumu la gari lenyewe likiugua utalisikia kwenye usukani, lakini la tela liko nyuma huko na wewe husikii kitu. Nikaona kwenye kioo gurudumu langu la kushoto limelipita tela, limevuka mtaro, limekwenda kugonga shina la mkorosho. Hatua chache kutoka shina lile alikuwa amekaa mama na mwanawe wanauza muhogo wa kuchoma. Hawakuguswa. Ncha ya ekseli, ile fito ya chuma inayobeba magurudumu, ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Hadi leo nikipita pale napunguza mwendo nimtafute yule mama kwa macho.

Tangu siku hiyo kazi hii naifanya kwa mikono yangu, na nataka na wewe uwepo inapofanyika, hata kama fundi ndiye atakayeshika spana. Alipandishe tela kwa jeki, aweke magogo chini ya ekseli, asitegemee jeki peke yake. Aitoe habu, yaani kitovu cha gurudumu, atoe beringi zote 2, ya nje ndogo na ya ndani kubwa, azioshe kwa petroli mpaka chuma kionekane. Hapo uzitazame mwenyewe juani. Ukiona bluu ya moto, vishimo kama vya ndui au ile mistari ya kutu niliyokuambia, usisikilize maneno ya kwamba bado itasukuma. Nunua mpya.

Kupaka grisi nako watu wengi wanapaka nje tu, kama wanasiliba ukuta. Weka donge la grisi kwenye kiganja, ishike beringi kwa mkono mwingine, uupigize ule upande wake mpana kwenye ukingo wa donge, tena na tena, mpaka uone grisi inachomoza upande wa juu katikati ya vile vichuma. Unaigeuza kidogo, unaendelea, mpaka umalize duara lote. Ni kazi ya dakika 10 kwa kila beringi na mikono inachafuka hadi kwenye viwiko, lakini ndiyo kazi yenyewe. Na grisi ya zamani aitoe yote, maana za aina 2 tofauti zikichanganyika zinaweza kukataana, zikawa maji.

Wakati wa kufunga simama karibu. Akaze nati ya kati huku analizungusha gurudumu ili beringi zikae mahali pake, kisha ailegeze, halafu airudishe kwa vidole tu, bila spana, na atie pini mpya ya kuifungia. Gurudumu lizunguke laini bila kukwaruza. Ukilishika juu na chini ukalitikisa, lisicheze, au lichezee kidogo sana kiasi cha kusikika tu. Mimi hurudia haya yote kila mwaka, hata kama tela halikutembea sana. Breki usizisahau, lakini hizo mwenye kuzijua atazitazama hapohapo habu zikiwa nje.

Sasa matairi. Chutama usome ubavuni, kuna herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu 4. Ukikuta 2318, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kama tela lilisimama miaka 6 basi matairi hayo yana zaidi ya hapo, na mpira hauulizi umetembea kilomita ngapi. Jua linaupasua. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ndogondogo. Kwa umri huo mimi ningeyabadili yote pamoja na spea, nyufa ziwepo au zisiwepo. Najua ni fedha nyingi, na najua umeshatumia nyingi kulinunua tela. Kama ni lazima, ahirisheni safari mpaka Desemba, tutawasubiri.

Unaponunua, waeleze kwamba ni ya tela na uwaambie uzito wake likiwa limejaa vyombo na maji, wakupe yanayobeba uzito huo. Upepo ujazwe asubuhi kabla hamjatembea, tairi likiwa baridi. Tairi la tela lenye mzigo kamili hujazwa hadi kile kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni: likiandikwa PSI 65, jaza 65, usikubali fundi pancha akupimie kwa kupiga teke. Upepo ukipungua ubavu unakunjwa kila mzunguko, unapata moto, na tairi linapasuka mchana wa jua kali.

Nati za rimu zikazwe kwa kuruka, moja huku, nyingine upande wa pili, na mkishatembea kama kilomita 80 msimame mzikaze tena, kwa sababu zinalegea baada ya rimu kukaa.

Njia ni kama kilomita 550, usiikimbilie. Simama Ikwiriri kabla ya Daraja la Mkapa, simama Somanga, simama Nangurukuru. Kila mahali, kabla ya kuagiza chai, zunguka tela na uweke kiganja karibu na kila habu, kisha uiguse. Joto la kiasi si neno. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, au mkono haukai, usiondoke hapo.

Jambo la mwisho. Sili za ndani, zile pete za mpira zinazozuia grisi isitoke, zikishang'olewa hazirudishwi, kwa hiyo usizitupe mpaka umesoma namba zilizochongwa mgongoni mwake. Nipigie unisomee. Jumamosi nakwenda Mtwara mjini, nitakutafutia jozi ya akiba na beringi zake, nizitume kwa basi la usiku zikufikie kabla fundi hajafunga.

Wako,
somo yako