Lenzi ndogo si uvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba lenzi ndogo ni za wavivu. Mimi hutembea na kamera ya filamu ya Leica yenye lenzi ya milimita 40, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ya Leica CL ya mwaka 1973. Inaingia mfuko wa koti bila kuutunisha.

Kwenye kamera hizi hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kilicho juu yake, unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili za katikati zilaliane, ndipo picha itoke kali. Lenzi nene huziba kona ya chini ya kidirisha hicho. Niliwahi kuwa nayo moja. Nikiwapiga wanangu picha, miguu yao nilikuwa naibahatisha. Nikaiuza.

Kasoro zipo, sikatai. Kidirisha cha kamera yangu hakina fremu (mistari ya mipaka ya picha) ya lenzi ya 40, huonyesha ya 50 iliyo finyu zaidi, hivyo picha hutoka na vitu zaidi ya nilivyopanga. Na kifuniko cha lenzi, jamani! Kidirisha hakikuambii kwamba umekisahau. Roli nzima ya picha 36 ilitoka tupu. Siku hizi kifuniko kinalala kwenye droo.

Mpiga picha wa Jumapili