Barua kuhusu herufi za bango lako

Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Nimelitazama bango la tamasha la kwaya ulilonitumia kutoka Nakuru, na kwa kuwa uliniomba nisikufiche neno, nasema wazi kwamba fonti uliyochagua, yaani mtindo wa herufi, ni nzuri ila umeionea. Ulipoona neno WANAMUZIKI halienei, ulilibana kwa ubavu kwenye kompyuta hadi likaingia. Itazame ile I ya mwisho: nguzo yake imekonda, ilhali serifu, yaani vile vikono vidogo vya juu na chini, zimebaki na unene ule ule wa awali, na sasa herufi nzima inaonekana kama mgonjwa aliyevaa viatu vya mtu mwingine.

Fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo haiwi hivyo, kwa sababu mchoraji wake hupunguza uwazi ulio ndani ya herufi na kuziacha nguzo zikiwa nene. Chukua mfano wa Onyx, iliyotolewa na kampuni ya herufi za uchapaji ya American Type Founders ya Marekani mwaka 1937 kwa mkono wa Gerry Powell: nguzo zake ni nzito na ndefu, na mistari inayoziunganisha ni myembamba kama uzi, tofauti ambayo Bodoni, mchapaji na mchonga herufi wa Italia, aliipa umaarufu mwishoni mwa karne ya 18.

Kwetu sisi herufi za namna hii zina manufaa ya pekee, maana viambishi hurefusha maneno ya Kiswahili, na M na W, ambazo ni pana kuliko herufi nyingine zote, hazituachi hata mstari mmoja. Tena hatuandiki alama juu ya irabu, kwa hiyo mistari ya herufi kubwa inaweza kukaribiana sana bila kugongana.

Usizitumie kwa maandishi madogo, hata hivyo. Mwezi jana nilipanga kijitabu cha mazishi, jina la marehemu kwenye jalada likapendeza mno, nami kwa tamaa nikaandika majina ya wajukuu kwa fonti hiyo hiyo, kwa ukubwa mdogo wa pointi 9. Mashine ya fotokopi ilimeza nyuzi zote, kila e ikageuka c, na shangazi mmoja akaniuliza mbele ya watu Aticno ni mtoto wa nani.

Basi kichwa cha bango kiwe cha fonti nyembamba halisi, na uachanishe herufi kidogo, kwani mtu akiwa ng'ambo ya barabara nguzo zilizosongamana huonekana kama ua wa miti. Tarehe, ukumbi na kiingilio viandike kwa fonti ya kawaida. Ukimaliza, nitumie kabla hujalipeleka kuchapishwa.

Wako,
wa Kisumu