Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kidole Juu ya Ukurasa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, mwenyekiti anawajibika kuwasilisha taarifa ya shughuli za chama kabla ya mkutano mkuu, nami naiwasilisha nikijua kwamba wengi wenu mlihudhuria vikao vilevile nilivyohudhuria na mnaweza kunisahihisha. Masuala ya mahudhurio na ada yamo katika taarifa za katibu na mweka hazina, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita katika jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoutofautisha mwaka huu na iliyoutangulia, nalo ni namna tunavyozungumza juu ya hadithi tunazosoma na tunazoandika.

Mtakumbuka kwamba katika kikao cha pili mwanachama mwenzetu alileta rasimu ya hadithi fupi inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi wake ni mwizi. Kabla hata hatujaugusa msuko, mjumbe mmoja alimwuliza mwandishi, nusu kwa mzaha, kama naye aliwahi kuiba. Mwingine akataka kujua kama jamaa zake wameisoma. Na muda wote uliosalia ukaishia katika kuichambua tabia ya mwandishi badala ya tabia ya mhusika. Aliyekalia kiti siku ile nilikuwa mimi, na sikuingilia kati; nilicheka pamoja na wengine. Mwandishi huyo hakuonekana katika vikao vitatu vilivyofuata. Kosa hilo ni langu, nami naliandika hapa ili libaki katika kumbukumbu za chama.

Kutokana na hayo kamati ilipendekeza, nanyi mkaridhia, utaratibu tulioutumia kwa miezi iliyobaki. Mwenye rasimu husoma kwa sauti ukurasa wa kwanza tu, kisha hunyamaza hadi mjadala umalizike. Wasomaji huzungumza juu ya msimulizi na mhusika, wala hawamwambii mtu "wewe". Na yeyote anayesema kwamba mahali fulani pamemvutia au pamemchosha hana budi kuweka kidole juu ya sentensi yenyewe na kuisoma. Neno "nimeipenda" halikupigwa marufuku, ila haliruhusiwi tena kusafiri peke yake.

Matunda ya utaratibu huu yalionekana mapema. Rasimu moja ilimhusu mjane, na aya yake ya pili ilisema kwamba alihuzunika mno kwa kifo cha mumewe. Kidole kilitua hapo, na mwenye kidole akasema kwamba ameambiwa habari za huzuni lakini mjane mwenyewe hajamwona. Mwezi uliofuata aya ilirudi ikiwa na redio: marehemu alikuwa na uzito wa kusikia, redio ya nyumba ile ilizoea kufunguliwa kwa sauti ya juu, na sasa mjane, akiwa peke yake, anaifungua kwa sauti ileile wakati wa taarifa ya habari na haipunguzi. Chini yake mwandishi aliongeza sentensi ya kueleza kwamba alifanya hivyo kwa sababu bado alimpenda. Tulibishana karibu nusu saa juu ya sentensi hiyo moja, na hatimaye mwandishi aliikata, ingawa najua kwamba wapo kati yenu ambao mpaka leo wanaona ingebaki.

Kikao kilichonifurahisha kuliko vyote kilihusu kiambishi kimoja. Katika rasimu yenye tukio la kufukuzana, kila kitenzi kilikuja na msaidizi wake: alikuwa amefungua mlango, alikuwa ametoka, alikuwa amekimbia. Mwanachama mmoja aliisoma upya kwa sauti: alifungua mlango, akatoka, akakimbia, na chumba kizima kikasikia mbio ambazo hazikuwapo mwanzoni. Akatueleza kwamba -li- huutia msumari wakati mara moja, na kuanzia hapo -ka- huyabeba matukio mfululizo. Papo hapo mwingine akampinga kwa haki kabisa, akisema kwamba -ka- ikiendelea kwa kurasa mbili hadithi huwa kama mtu anayehema, kila tendo likawa na uzito sawa na jingine, na kwamba fundi hujulikana kwa mahali anapochagua kurudi kwenye -li- ili msomaji ainue kichwa. Nimehudhuria semina nyingi za uandishi ambazo hazikunifunza hata nusu ya hayo.

Jirani na mjadala huo ulikuwapo ule wa nahodha. Mwandishi alimsimulia nahodha wa chombo kwa kurasa nne bila kutaja jinsia yake, akitegemea kwamba katika Kiswahili "alishika usukani" ni yeyote yule, na katika ukurasa wa tano tukagundua kwamba ni mwanamke. Baadhi yenu mliita hila, wengine mkaita ufundi. Mwafaka haukupatikana, nami sikuutafuta. Rai yangu binafsi ni kwamba mwandishi hakusema neno hata moja la uongo. Suruali tulimvika sisi.

Kwa upande wa usomaji, vitabu viwili vilituchukulia muda mrefu zaidi. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, tuliisoma mara mbili, na mara ya pili tuliisoma tukiujua mwisho. Wanaoandika hadithi za upelelezi walinufaika zaidi na mara hiyo ya pili, kwa kuwa taharuki ilikwisha kutoweka na kilichobaki kuangaliwa kilikuwa ni kazi ya mikono ya mwandishi. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba, lakini ndicho kilichotutoa jasho. Kanuni ya kidole ilitusaidia hapa kwa namna ambayo sikuitarajia: aliyesema "sielewi" alitakiwa kuonyesha alipopotelea, na wanachama wawili ambao hawakuwa wamezungumza kabla wakaonyesha mstari mmoja. Kuanzia hapo tulikuwa na kitu cha kujadili.

Lipo lalamiko kwamba chama kinawapendelea waandishi, na kwamba wasomaji wasio na nia ya kuandika wamegeuzwa wahariri wasiolipwa. Nimelipokea. Nakiri kwamba miezi ya mwisho ilielemea upande wa rasimu, na ninapendekeza kwamba vikao vya rasimu na vya vitabu vipishane bila kukosa.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, umezaliwa na utaratibu wetu wenyewe. Kwa kuwa ukurasa wa kwanza ndio unaosomwa kwa sauti, waandishi wetu wamekuwa mabingwa wa kurasa za kwanza. Rasimu nyingi zilizotufikia zina mlango wa kuvutia na hazina nyumba nyuma yake. Hadithi zilizokamilika ni chache mno, na wapo walioung'arisha mwanzo uleule mara tatu huku mhusika akiwa bado amesimama kizingitini. Kamati inaleta pendekezo kwamba mwakani kila mwenye rasimu asome ukurasa wa mwisho, na asiyekuwa nao asubiri zamu nyingine. Pendekezo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu.

Likipita, kikao cha kwanza kina rasimu tayari. Mwandishi wa hadithi ya mwizi alirejea, amekaa nasi kimya tangu wakati huo, na wiki iliyopita amemkabidhi katibu hadithi nzima. Nakala zitagawiwa mlangoni siku ya mkutano; tafadhali zisomeni kabla ya kikao, kalamu mkononi.

Mwenyekiti