Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Watu wazima nao wachanjwe dhidi ya mkanda wa jeshi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye kliniki za presha na kisukari, mahali ambapo watu wa rika langu hukutana mara nyingi kuliko wanavyokutana misibani. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta: chanjo ya mkanda wa jeshi iingie kwenye mwongozo wa chanjo kwa watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wizara yako ianze kuitoa kwa walio hatarini zaidi.

Najua meza yako imejaa. Kuna uzazi salama, kifua kikuu, saratani, na mishahara ya watumishi ambayo nayo ni ugonjwa wake. Mkanda wa jeshi hauna msemaji kwenye foleni hiyo. Hauui watu kwa makundi, haufungi shule wala mipaka, na anayeugua mara nyingi ni mtu mzima aliyekwisha zoea kuambiwa "huo ni umri tu". Ndiyo maana nimeona niandike hadharani.

Virusi vinavyouleta ni vilevile vya tetekuwanga. Mtoto akipona vipele vyake, virusi haviondoki mwilini. Vinajificha kwenye vifundo vya neva, yaani mishipa ya fahamu, kandokando ya uti wa mgongo na kichwani, na vinaweza kulala humo miaka hamsini bila kumsumbua mwenyewe. Siku kinga ya mwili ikilegea, iwe kwa umri, kwa VVU, kwa saratani au kwa dawa za waliopandikizwa figo, vinaamka na kufuata neva moja mpaka kwenye ngozi, na hapo vipele vya malengelenge hutokeza. Aliyelieleza hilo vizuri, mwaka 1965, ni daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyefuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka mingi. Nampenda daktari huyo. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu za wagonjwa na subira, vitu ambavyo hata zahanati inaweza kuwa navyo.

Kwa hiyo mzee haambukizwi mkanda wa jeshi na jirani. Anao tayari ndani yake. (Mwenye malengelenge anaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, lakini hayo ni mengine.) Marekani inakadiria kwamba zaidi ya asilimia 99 ya raia wake waliozaliwa kabla ya 1980 wamekwisha kupata virusi hivi, na kwamba mtu mmoja kati ya watatu ataugua mkanda wa jeshi katika maisha yake. Hatari hupanda kuanzia miaka 50, na kadiri umri unavyosonga ndivyo inavyozidi.

Sasa niseme jambo ambalo tuliokaa vyumba vya kliniki tunalijua vizuri. Kwa kuwa ugonjwa huu huwapata mapema wanaoishi na VVU, watu wakiuona mgongoni mwa mtu hukimbilia kuhukumu. Mzee wa miaka 70 anaufunika kwa shati, hawaambii wanawe, anangoja ukauke wenyewe. Wengine wametishwa kwamba vipele vikizunguka kiuno vikakutana mtu anakufa, basi kila asubuhi wanavipima kwa hofu mbele ya kioo. Kwa kawaida havikutani. Ugonjwa hufuata neva ya upande mmoja, kulia au kushoto, na hukomea katikati ya mwili.

Kuficha huko kuna gharama yake, na gharama hiyo huhesabiwa kwa saa. Dawa za virusi kama asaiklovia na valasaiklovia husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Tatizo ni kwamba ugonjwa huanza na maumivu, mwasho au ganzi, siku kadhaa kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Nimewaona watu wakipewa dawa za vidonda vya tumbo, wengine wakipimwa moyo, wengine wakichuliwa misuli, kumbe ni neva. Mpaka malengelenge yatoke, mtu ayakubali, apate wa kumsindikiza na afike kwetu, saa 72 zimepita. Anayesema tiba inatosha hajawahi kuzihesabu saa hizo akiwa upande wetu wa meza.

Vipele vyenyewe hukauka baada ya wiki mbili hadi nne. Laiti mambo yangeishia hapo, nisingekusumbua. Kwa mgonjwa mmoja katika kila kumi, na katika baadhi ya makundi karibu wawili, maumivu hubaki baada ya ngozi kupona, kwa sababu neva yenyewe imejeruhiwa. Hubaki kwa miezi. Kwa wengine hubaki kwa miaka. Wagonjwa husema yanaunguza, kisha ghafla yanapiga kama shoti ya umeme, na ngozi inakataa kuguswa na chochote: shuka ni adui, upepo wa feni ni adui, hata shati kuukuu lililolainika kwa kufuliwa ni adui. Mtu halali. Asiyelala hamu ya kula inamtoka, na kama ana kisukari, sukari yake inaanza kuyumba. Dawa tunazompa kutuliza neva, amitriptilini, gabapentini, pregabalini, zinamletea usingizi na kizunguzungu, akiamka usiku kwenda msalani anaanguka. Kwenye rejista tunaandika "amevunjika nyonga". Hakuna anayeandika kwamba yote yalianza na vipele vya mwaka jana. Kwa hiyo takwimu zinazofika mezani kwako, Mheshimiwa, zinaonyesha ugonjwa mdogo kuliko ulivyo.

Kuna na jicho. Katika kila wagonjwa kumi, mmoja au wawili virusi huwaamkia kwenye neva ya uso inayohudumia jicho, na wasipowahiwa wanaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kipele kwenye ncha ya pua ni onyo ambalo kila mhudumu wa zahanati angepaswa kulijua: mgonjwa huyo aonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo.

Chanjo ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa. Ilipunguza ugonjwa kwa takribani nusu, waliovuka miaka 70 iliwasaidia kwa kiasi pungufu kuliko wengine, na haikuwafaa wenye kinga dhaifu sana, yaani haohao walioihitaji kuliko wote. Ya pili, Shingrix, iliidhinishwa mwaka 2017, na haina kirusi hai. Ina kipande cha protini ya kirusi pamoja na kiamsha kinga, ambacho sehemu yake hutokana na gome la mti wa Chile. Hutolewa kwa dozi mbili, zikipishana miezi miwili hadi sita. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lenye watu zaidi ya 15,000 wa miaka 50 na kuendelea katika nchi 18, lilionyesha kinga ya asilimia 97. Kwa waliovuka miaka 70, umri ambao chanjo nyingi hufanya kazi kwa kusuasua, ilibaki kwenye asilimia 90 hivi. Wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kinga inashuka polepole, lakini bado ni kubwa.

Sindano yenyewe inauma, sikufichi. Mkono unavimba, na wengi hupata homa, baridi, maumivu ya kichwa na uchovu wa siku mbili tatu. Mtu asipoambiwa hayo mapema, dozi ya pili utamngoja sana. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kuhusu ugonjwa adimu wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao umeonekana kwa watu wachache sana katika kila milioni ya dozi. Afadhali wananchi walisikie hilo kutoka wizarani kuliko kuletewa na simu zao likiwa limekwisha kuongezwa chumvi.

Washauri wako watakuja na hoja ya bei. Wana haki. Ni chanjo ghali, na siombi kila mtu achanjwe kesho. Lakini hata nchi tajiri hazikuanza na kila mtu. Uingereza ilianza mwaka 2013 na watu wenye miaka 70, na mwaka 2023 ikaanza kuwapa wanaotimiza miaka 65, na wenye kinga dhaifu sana kuanzia miaka 50. Australia ilianza Novemba 2023 kuitoa bure kwa waliofikisha miaka 65, na kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo kuanzia miaka 50. Kila moja ilichagua wa kuanza naye. Sisi tungeanza na wagonjwa wa saratani, waliopandikizwa viungo na wanaoishi na VVU, kisha tushuke kwa umri kutoka juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Nchi zikinunua kwa pamoja bei hushuka. Chanjo za watoto zimetufundisha hivyo. Hoja ya uhifadhi haina uzito: nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo nyingi za watoto, mradi isigande.

Ile hoja ya kwamba mkanda wa jeshi hauui ndiyo inayonikera. Tangu lini kaburi limekuwa kipimo pekee cha ugonjwa? Mtu aliyelea watoto na wajukuu anaposhindwa kuvaa shati lake mwenyewe, wizara inayo kazi ya kufanya.

Kuna jambo jipya pia, nalo nalitaja kwa tahadhari. Wales ilipoanza kuchanja mwaka 2013, waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baada ya hapo walistahili, na waliozaliwa kabla ya siku hiyo wakakosa moja kwa moja. Watafiti wakayalinganisha makundi hayo mawili, watu ambao tofauti yao kubwa ilikuwa siku chache za kuzaliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature: kwa muda wa miaka saba, chanjo ilipunguza visa vipya vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa karibu moja ya tano. Na hiyo ilikuwa ile chanjo ya zamani. Sishauri watu wachanjwe kwa ajili hiyo, maana sababu za mkanda wa jeshi zinatosha zenyewe, lakini kama ningekuwa na wataalamu wako ningewapa karatasi hiyo waisome.

Wakati bei ikijadiliwa, yapo yasiyongoja fedha. Wahudumu waelekezwe kwamba aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi naye anastahili chanjo akishapona, kwa kuwa ugonjwa unaweza kurudi, na kwamba hakuna haja ya kumpima mzee damu ili kujua kama aliwahi kupata tetekuwanga. Dawa za virusi zifike zahanati, zisiishie hospitali kubwa, la sivyo zile saa 72 ni hadithi. Kadi ya kliniki ya mtu mzima nayo iangaliwe. Ina nafasi ya presha, sukari na uzito, na mtu huja nayo kila mwezi mpaka inachakaa mkononi mwake. Mstari wa chanjo haina. Kuuongeza hakuhitaji bunge wala mfadhili. Ni saini yako tu, na mchapaji.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu