Maji ya visima yapimwe kabla ya gesi kuchimbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala wa wasomaji wenzangu kuhusu gesi ya sheili, yaani ile gesi asilia iliyonaswa ndani ya mwamba wa tope lililogandamana kwa mamilioni ya miaka, ambayo haitoki mpaka mwamba wenyewe upasuliwe. Wapo walioandika kwamba gesi hiyo ni sumu tupu, na wapo waliowajibu kwamba Wamarekani wamechunguza na hawakuona madhara yoyote. Mimi nimefanya kazi ya maji vijijini kwa miaka 31, nikiwa fundi sanifu, na utafiti huo nimekuwa nikiusoma kwa jicho la mtu wa visima. Ninachokiona ni kwamba ubishi wa Marekani umechukua muda mrefu hivyo kwa sababu moja kubwa: mitambo iliingia kabla maji ya wananchi hayajapimwa.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe, kisima cha gesi hii hushuka kilomita moja na nusu hadi tatu hivi, kisha hupindishwa na kwenda kwa ulalo ndani ya mwamba. Baada ya hapo husukumwa maji mamilioni ya lita, yaliyochanganywa na mchanga na dawa, kwa msukumo mkubwa unaoupasua mwamba, na mchanga ule hubaki katika nyufa ili zisijifunge. Kati ya gesi hiyo na maji tunayokunywa sisi, ambayo huwa karibu zaidi na uso wa ardhi, kinga kubwa ni bomba la chuma lililozungushiwa saruji. Saruji ikipasuka au isiposhika vizuri, gesi hupata njia ya kupanda.

Katika eneo la Dimock, jimbo la Pennsylvania, kisima cha maji cha familia moja kililipuka siku ya kwanza ya mwaka 2009 na mfuniko wake wa zege ukavunjika. Miaka miwili baadaye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha vipimo vya metani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, katika visima 60 vya maji ya kunywa vya ukanda huo. Karibu na visima vya gesi, ndani ya kilomita moja, wastani wa metani ulikuwa mara 17 ya ule wa mbali. Hawakukuta dalili za dawa zinazotumika kupasulia mwamba, na walisema hivyo waziwazi. Lakini visima 51 kati ya hivyo 60 vilikuwa na metani, vikiwemo vilivyo mbali na uchimbaji, na hapo ndipo wenye mitambo waliposhikilia hoja yao: metani ilikuwemo katika maji ya huku tangu enzi za mababu. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine uliotumia sampuli 1,701 za kaunti ya Susquehanna, ambamo Dimock imo, ukasema kwamba metani hufuata mabonde kuliko inavyofuata visima vya gesi. Mwananchi aliyekuwa akifungua bomba la jikoni na kuona maji yanatoka na povu la gesi angemwamini nani?

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini, kwa sababu jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilitumwa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi ambako mkandarasi alikuwa akilipua miamba ya kokoto, umbali wa kama mita mia tatu kutoka kisima cha pampu ya mkono. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo, lakini hakuna aliyekuwa akipampu. Bibi mmoja alikinga maji kiganjani, akayaonja, akayatema pembeni, akaniambia, "Mwanangu, haya siyo maji yetu." Nilitumbukiza kifaa changu cha kupimia chumvi na nikaona chumvi ni nyingi kweli. Tulikwenda na mwenyekiti wa kijiji hadi kambini kwa mkandarasi, naye alitupokea vizuri, akatukaribisha viti, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, kabla sijaja yalikuwaje?" Sikuwa na jibu. Hapakuwa na mtu yeyote, ofisini wala kijijini, aliyekuwa na namba ya siku moja kabla ya baruti ya kwanza. Shauri likafia pale kwenye viti vya kambini, na akina mama wakaanza kufuata maji mtoni.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na msomaji aliyesema kwamba Wamarekani hawakuona madhara. Mwezi Juni 2015 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa rasimu iliyosema kwamba hakuna ushahidi wa athari zilizoenea katika maji ya kunywa nchini kote, na habari hiyo ikasambaa. Jopo lake la washauri wa kisayansi liliikosoa kauli hiyo, na katika taarifa ya mwisho ya Desemba 2016 iliondolewa. Taarifa hiyo inasema kwamba shughuli hizi zinaweza kuathiri maji ya kunywa katika mazingira fulani, na kwamba upungufu wa takwimu umewazuia kukadiria athari hizo kwa taifa zima. Mtu asiyeonekana kwa sababu taa haikuwashwa hawezi kuhesabiwa kuwa hayupo.

Mahali ambapo kumbukumbu za awali zilikuwepo, ukweli haukuchelewa. Jimbo la Oklahoma, hukohuko Marekani, lilikuwa na vipima tetemeko tangu zamani, na ikijulikana kwamba kabla ya mwaka 2009 matetemeko ya ukubwa wa 3 na zaidi yalikuwa moja au mawili hivi kwa mwaka; mwaka 2015 yalifika takriban 900, na chanzo kikuu kikaonekana kuwa maji machafu ya visima vya mafuta na gesi yaliyokuwa yakisukumwa chini sana ardhini. Kadhalika watoto wa Pennsylvania. Hospitali zilikuwa zikiandika uzito wa kila mtoto anayezaliwa, gesi iwepo au isiwepo, kwa hiyo watafiti watatu, Currie, Greenstone na Meckel, waliweza kuchukua kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 1.1 waliozaliwa kati ya 2004 na 2013 na kulinganisha hali ya kabla na ya baada. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa akina mama walioishi ndani ya kilomita moja kutoka kisima cha gesi, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu uliongezeka kwa asilimia 25, na kwamba athari hiyo ilififia kadiri makazi yalivyokuwa mbali, hata baada ya kilomita tatu isionekane. Daftari la leba, lile lile ambalo wauguzi wetu hulijaza usiku kwa mwanga hafifu, ndilo lililomaliza ubishi ambao visima vya maji havikuweza kuumaliza.

Kuna jambo la kijamii ambalo nalo limenisikitisha. Familia nyingi zilizolalamikia maji zililipwa fidia kwa sharti la kunyamaza. Siwalaumu waliotia saini, maana mwenye watoto wanaooga kwa maji ya chupa hana muda wa kusubiri mahakama. Hata hivyo kila saini ilifunga na vipimo vya kisima kile, jirani asijue, wala mganga wa zahanati, wala mtafiti. Huko Dimock kwenyewe, kampuni iliyoshtakiwa haikupinga shtaka moja mahakamani, ikakubali kugharamia bomba la maji safi kwa wakazi. Hiyo ilikuwa Novemba 2022, karibu miaka 14 tangu kisima kile kilipuke.

Afrika Kusini ilijitahidi kwenda kwa utaratibu mwingine. Maombi ya kutafuta gesi hii katika nyanda kame za Karoo, ambako wafugaji wa kondoo huvuta maji ya ardhini kwa pampu za upepo, yalisimamishwa mwaka 2011, na baadaye serikali ikaagiza tathmini kubwa iliyoongozwa na marehemu Profesa Bob Scholes na kukamilika 2016. Humo ndani yamo maji, matetemeko, afya, kilimo, utalii, kelele, na hata namna watu wa Karoo wanavyojiona kuwa wa mahali pale. Tathmini ile ilifanyika kabla ya kisima kimoja cha gesi hiyo kuanza kuzalisha, na nadhani hapo wenzetu walituzidi hekima.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini, maana gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay si ya sheili. Imo katika miamba ya mchanga na haihitaji upasuaji wa aina ile. Ni kweli, na nisingependa mtu atishwe kwa jambo lisilokuwepo. Lakini bomba la chuma na saruji ni lile lile, malori ni yale yale, na swali la yule mkandarasi linaweza kuulizwa Mtwara, Kilwa au popote penye machimbo. Tathmini ya athari kwa mazingira tunayo kisheria tangu 2004. Ninachoomba ni kitu kidogo na cha wazi ndani yake: kila kisima cha maji kilicho jirani na eneo la kuchimbwa kipimwe chumvi, metani na madini mazito, msimu wa mvua na wa kiangazi, kabla mtambo haujafika, na nakala ya majibu, kwa Kiswahili, ibaki katika ofisi ya serikali ya kijiji na kwa jumuiya ya watumia maji.

Pennsylvania walifika huko baada ya kuumia. Sheria yao ya mwaka 2012 inasema kwamba maji yakiharibika ndani ya futi 2,500 kutoka kisima cha gesi cha aina hii, ambazo ni kama mita 760, katika miezi 12 baada ya kazi, mchimbaji huchukuliwa kuwa ndiye aliyesababisha, labda aonyeshe, kwa mfano kwa vipimo vya kabla, kwamba maji yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Tangu hapo kupima kumekuwa faida ya mwenye mtambo mwenyewe. Naomba Wabunge wetu wa mikoa ya kusini waisome sheria hiyo.

Kwa upande wangu, baada ya aibu ya siku ile kambini nilianza kuandika katika daftari la shule kipimo cha chumvi cha kila kisima nilichopita, pamoja na tarehe, jina la kijiji na kina cha maji. Nilistaafu nikiwa na madaftari matatu. Moja limeliwa na mchwa pembeni, lakini namba zinasomeka. Ofisi ya bonde la maji au mtafiti yeyote akiyahitaji, mhariri ana anwani yangu.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu wa maji mstaafu,
Nachingwea, Lindi.