Risasi iliyolipiwa pala isiishie kwa chui

Mhariri,

Katika toleo lako la wiki mbili zilizopita, mfugaji mwenzangu wa upande huu wa Kiruhura aliomba wawindaji wenye leseni, wale wanaoingia kwenye mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo hapa Uganda, waruhusiwe kumpiga chui au fisi yeyote watakayemwona, hata kama siku hiyo wametoka kumtafuta swala pala. Anasema ndama wetu watapona na pala wataongezeka. Nimeisoma barua yake mara tatu. Namwelewa, maana nami nafuga, na nimewahi kuamka alfajiri nikamkuta ndama wa siku tisa ametolewa matumbo. Lakini nimetembea mbele ya wawindaji miaka kumi na mmoja nikiwasomea nyayo, na anachokiomba kitatuumiza sisi kabla ya kumuumiza chui.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hiyo tulitoka kambini saa kumi na moja alfajiri, watu wanne: mgeni aliyelipia pala dume mmoja, kijana anayemwongoza, askari wa wanyamapori na mimi. (Kambini tulikuwa Wanyankole, Waacholi na Walugbara, kwa hiyo lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, na ndiyo lugha ninayokuandikia.) Umande ulikuwa mzito na upepo ulitupiga usoni. Tukawapata madume saba chini ya migunga. Wa kulia kabisa alikuwa mzee: shingo nene, pembe moja imesagika ncha, anakula peke yake kando ya wenzake. Ndiye tuliyemtaka. Mgeni alikuwa ameshaegemeza bunduki kwenye fimbo zake pale chui alipotokea juu ya kichuguu, mkono wetu wa kushoto, hatua kama themanini. Akakaa kitako kama paka wa nyumbani, akawatazama wale wale pala tuliokuwa tunawatazama sisi.

Kijana akaniinamia sikioni: "Mzee, mgeni anauliza, ampige huyu?"

Nilikuwa na muda wa pumzi mbili. Nikamjibu: "Mwambie alichokilipia kiko kulia."

Naomba nieleze kilichopita kichwani mwangu katika pumzi hizo mbili, kwa sababu ndilo jibu langu kwa mwenzangu.

Kwanza, bunduki ikilia bondeni mara moja, asubuhi imekwisha. Pala wakishakimbia hawarudi pale siku hiyo, na mgeni anayelipa kwa siku atarudi kambini na mnyama asiyekuwa kwenye karatasi yake. Pili, yule chui alikaa kiupande, majani yamemfunika bega. Risasi ya namna hiyo humjeruhi chui, haimuui. Chui aliyejeruhiwa haendi mbali. Huzunguka, akalala kifudifudi ameielekea damu yake mwenyewe, akanyamaza mpaka umkaribie. Na sheria ya porini ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi, lazima afuatwe. Anayetangulia kuingia kichakani kumfuata si mgeni mwenye bunduki. Ni msoma nyayo, ameinama, macho yako chini, mkononi ana panga. Ni mimi.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Yule chui nilikuwa namfahamu. Wayo wake wa mbele wa kushoto ulikuwa na kovu, nikauona mwaka mzima kwenye njia za ng'ombe, na mazizi yaliyokuwa karibu na mlima wake hayakupoteza ndama hata mmoja. Chui dume mwenye eneo lake huwafukuza madume wengine. Ukimwondoa, nafasi yake wanaigombania vijana wanaohamahama, wasioijua nchi, wasiojua pala wanashukia wapi kunywa maji. Kijana wa namna hiyo akiwa na njaa huchukua kilicho rahisi, na hapa kwetu hakuna kilicho rahisi kama ndama aliyefungwa. Tena dume mgeni huwaua watoto wa yule aliyemtangulia. Mambo haya yamechunguzwa sana kusini mwa Afrika, kwa chui na kwa simba, wala si ngano za wazee.

Mgeni akampiga pala. Alikwenda hatua arobaini akaanguka. Chui tulipogeuka hakuwepo. Nyama ililiwa kijijini jioni ile.

Sasa niseme nililolifanya kabla sijajua haya, maana sitaki mwenzangu adhani namfundisha kutoka mahali pasafi. Miaka mingi nyuma niliajiriwa kulinda ng'ombe katika shamba moja la huku. Ndama watatu walikufa ndani ya siku kumi. Kila mtu alisema fisi, na mimi nikasema fisi. Usiku wa tatu wa kuvizia nikampiga mmoja kando ya bwawa. Kulipokucha tukaenda kumtazama. Alikuwa jike. Chuchu zake mbili zilikuwa zimejaa, na mtu mmoja alipomgeuza kwa mguu maziwa yalitoka yakaingia kwenye vumbi. Tukampasua tumbo tuone ndama wetu. Tulikuta nywele za pundamilia, vipande vya mifupa na ukwato wa ngiri. Siku nne baadaye ndama wa nne akauawa. Safari hii tukafuata nyayo kwa makini, zikatufikisha uani kwa jirani, kwa mbwa watatu, mmoja bado ana damu kavu kifuani.

Fisi jike hanyonyeshi mtoto wa mwenzake, na watoto wa fisi hutegemea maziwa zaidi ya mwaka. Sikwenda kulitafuta shimo walimokuwa watoto wake. Nilijua nitakachokikuta.

Ndiyo maana neno "yeyote" katika barua ya mwenzangu limeninyima usingizi. Mzoga wa ndama unasema nani aliyeua, ila lazima uulizwe. Chui hukaba koo: utakuta matundu manne, mawili huku na mawili kule, na mara nyingi mzoga umeburutwa au umepandishwa mtini. Fisi huanzia nyuma na ubavuni, huvunja mifupa, na wakiwa wengi hawaachi kitu. Mbwa hurarua miguu, mkia na masikio, kisha mara nyingi huondoka bila kula. Halafu chuna ngozi shingoni. Ukiona damu imevilia chini yake, ndama alikuwa hai alipoumwa. Ukikuta nyama nyeupe isiyo na mvilio, alikufa kwa ugonjwa au kwa kuzaliwa dhaifu, na mnyama alikuja baadaye kula kilichokwisha kufa. Nyayo za chui ni mviringo, hazionyeshi kucha. Za fisi zinaonyesha kucha, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Kazi yote hii haichukui nusu saa. Nimekwenda kwenye mazizi mengi nikakuta watu wameshapika sumu, na mzoga hakuna aliyeuinamia.

Kuhusu pala kuongezeka: katika mikutano yetu pale Sanga, wafugaji haohao wanaotaka chui auawe ndio wanaolalamika kwamba pala na pundamilia wanamaliza nyasi na kuvunja nyua. Hapa Mburo hakuna kundi la simba kwa miongo kadhaa sasa. Wanaopunguza pala ni chui, fisi na mwindaji. Na hawa hawagombanii mnyama mmoja. Mwindaji anamtaka dume mzee mwenye pembe, anamchagua kwa darubini. Chui anachukua mtoto, anayechechemea, aliyebaki nyuma. Ukimwua chui ili pala waongezeke, mwaka ujao utaandika barua nyingine kulalamikia pala.

Tumeshawahi kujaribu kutatua mambo ya ng'ombe kwa kuua wanyama kwa jumla. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali iliwapiga risasi wanyama wengi mno huku Ankole ili mbung'o wakose damu ya kunyonya na nagana, ugonjwa wanaoueneza, ikome kuua ng'ombe. Wazee wetu walisimulia mabonde yakinuka. Uwindaji wa michezo ukapigwa marufuku mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001, na ulirudishiwa hapa hapa kwetu, kandokando ya Mburo, kwa hoja kwamba mwenye shamba ambaye nyasi zake zinaliwa na wanyamapori apate chochote kutokana nao. Hoja hiyo inasimama juu ya hesabu. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda inapanga ni wangapi na wa aina gani kabla mtu hajatia risasi chemba. Hata chui, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, CITES, uliwahi kuiwekea Uganda kikomo cha 28 kwa mwaka. Unaweza kuukubali uwindaji huo au kuukataa, lakini idadi iliwekwa mezani, na watu waliokuwa wametulia. Mwenzangu anataka iwekwe porini, na mtu ambaye moyo unamdunda.

Mwezi Aprili 2018, karibu na Hamukungu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, walikutwa simba kumi na mmoja wamekufa kwa sumu: majike matatu na watoto wanane. Nilipoisikia habari ile redioni niliwaza wale watoto wanane. Walikuwa wameua ng'ombe wa nani? Mwezi Machi 2021 wakakutwa sita wengine kule Ishasha, katika hifadhi hiyohiyo, wamekatwa vichwa na miguu. Na Jacob, yule simba wa miguu mitatu ambaye Uganda nzima inamjua kwa kuogelea mfereji wa Kazinga mwaka 2024, mguu wake aliupoteza kwenye mtego. Sumu haichagui, wala mtego hauchagui. Mwenye bunduki ana macho na ana karatasi inayomwambia amefuata nini. Akianza kupiga kila alichokutana nacho, naye amekuwa mtego unaotembea.

Sisemi mla nyama asipigwe kamwe. Chui akikurukia, piga. Fisi mwenye kichaa anayezurura mchana karibu na watoto, piga. Na yupo mmoja mmoja anayezoea mazizi, anarudi kila wiki, ana jino bovu au mguu mbovu na hawezi tena kukimbiza pala. Huyo, nyayo zikishathibitisha kuwa ni yeye, askari wa wanyamapori waitwe, aviziwe penye mzoga, na iandikwe. Nimeshiriki kazi hiyo mara mbili wala sijutii.

Tena nakubaliana na mwenzangu katika uchungu wake. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka fidia kwa hasara inayoletwa na wanyamapori, na mfugaji anayesubiri shilingi zake huku akihesabu mashimo zizini ana haki ya kukasirika. Wanaohusika wasome barua yake kabla ya kusoma yangu. Ila ndama wengi niliowaona wameuawa usiku walikuwa katika mazizi ya miiba iliyolegea, unapita mkono mpaka begani, au waliachwa nje na mama zao kwa sababu mchungaji alikuwa mtoto na usingizi ulimshinda.

Kwa hiyo namwomba mwenzangu jambo moja. Akifiwa na ndama tena, asimburute, asiruhusu mbwa kumkaribia, amfunike kwa turubai na kuweka mawe kwenye pembe za turubai, na azungushie kamba pale penye nyayo ng'ombe wasizikanyage. Awaite askari wa hifadhi, kisha atume mtu Sanga aniulizie. Nitakuja na kisu changu cha kuchunia, asubuhi ileile, bila malipo. Tutainama wote wawili juu ya huyo ndama, na ikithibitika ni chui wa mlima wake, nitakaa naye usiku kucha kumvizia pamoja na hao askari.

Msoma nyayo mstaafu,
Sanga, Kiruhura