Mpwa wangu, ule mzigo ulipita njia yako

Mpwa wangu,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa hata wewe picha ile uliituma hadharani, kwenye kundi la ukoo, saa nne za usiku: wingu la moshi lenye umbo la uyoga, lile la bomu la atomiki, na chini yake, "Wangedondosha kamoja tu, hivi vita viishe, dizeli ishuke bei." Watu kumi na mmoja wakacheka. Mimi nilisoma nikaiweka simu chini. Kinachonisumbua ni kule kunyamaza kwangu kuliko utani wako. Ulikuwa siku ya tatu kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, na dereva wa lori aliyekwama mpakani husamehewa mengi.

Tena utani wenyewe hukuuokota barabarani, umeurithi. Babu yako mzaa mama alikuwa Keya, askari Mwafrika katika jeshi la Waingereza. Mwaka 1944 alipigana na Wajapani kule Burma, bonde la Kabaw, mvua haikatiki, malori yanazama matopeni, malaria inawalaza askari mmoja baada ya mwingine. Agosti 1945 kikosi chao kilikuwa kimesharudishwa India. Japani ikasalimu amri, wakarudi makwao. Kwa mzee hesabu ilikuwa nyepesi: "Bomu lile ndilo lililonikatia tiketi." Alisema akicheka, na sisi wanawe tukacheka naye. Simlaumu. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza bomu lenyewe lilitoka wapi.

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi unapita Likasi, na ninajua huwa unasimama hapo kupoza matairi. Si mbali na mji huo, nje ya barabara kuu, kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Enzi za Wabelgiji palikuwa na mgodi wa kampuni ya Union Minière, wenye urani, madini ya kutengenezea bomu lile, iliyokolea kiasi ambacho hukuweza kukipata kwingine kokote duniani. Wakongo waliichimba na kuichagua jiwe kwa jiwe, kwa mikono. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani wasije wakaitia mkononi, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York, zikawekwa ghalani Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Wamarekani walipoanza kuitafuta mwaka 1942, waliambiwa mzigo uko hapohapo kwao. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko, kwa watu wanaoamkiana "jambo" kila asubuhi kama unavyowasikia wewe.

Wewe ni mtu wa mizani, basi pima hili. Urani iliyokuwamo ndani ya bomu lile ilikuwa kama kilo 64. Mfuko mmoja wa saruji na kidogo juu yake. Katika hizo, iliyolipuka hasa haikufika hata kilo moja. Ilikuwa Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi, mita kama 600 juu ya mji. Mpaka mwaka unakwisha walikuwa wamekufa watu wapatao 140,000. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki, tena kwa kuwa mji wa Kokura uliokusudiwa haukuonekana vizuri kutoka angani. Huko walikufa wapatao 70,000.

Namba hizo tulizikariri shuleni na wala hazikunifanya kitu. Kilichonifanya kitu ni kibati cha chakula.

Kimo kwenye makumbusho ya Hiroshima. Cha mwanafunzi wa miaka 13, Shigeru Orimen, aliyekuwa amepelekwa na wenzake kubomoa nyumba ili moto ukitokea usisambae. Mama yake alimtafuta, akamkuta siku tatu baadaye, na alichomtambulia ni kile kibati kilichokuwa chini ya mwili. Bati limejikunja. Ndani chakula kimeungua, kimekuwa mkaa mtupu, mweusi tii. Mtoto hakuwahi kukifungua. Nilivyoona picha yake nilikumbuka hotipoti anayokufungia mama yako ukiondoka, na jinsi unavyolalamika kuwa ni kubwa mno.

Wako pia waliobaki wazima asubuhi ile, hawana hata mchubuko. Baada ya siku kadhaa nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, fizi zikavuja damu, na madaktari hawakujua wanatibu nini. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka. Saratani ya damu ilimuua mwaka 1955, ana miaka 12.

Hiroshima kuna jiwe la kumbukumbu, na chini yake majina ya marehemu, sasa zaidi ya 340,000. Kila Agosti wanaongeza waliofariki mwaka huo. Majina ya waliochimba Shinkolobwe sijawahi kuyaona popote. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku kuchimba pale, na mwaka huohuo handaki likaporomoka na kuwafukia watu, maana njaa haisomi matangazo.

Safari hii ukifika Likasi, ukishapoza matairi, mwulize mzee yeyote anayekunywa chai Shinkolobwe iko upande gani. Usiende, pamefungwa. Piga tu picha ya barabara, unitumie, nami nitaiweka kundini chini ya ile yako.

Mama yako anauliza kama umebeba shaba au kobalti.

Mjomba wako